Kurekodi Mchezo na Kuukata

Kwa karne nyingi mchezo ulikuwa kitu cha kupita. Watu walikaa barazani wakacheza bao tangu alasiri hadi magharibi, fundi akamlia mwenzake kete kwa namna iliyowafanya watazamaji washike vichwa, kisha bao likainuliwa na ule mchezo ukawa umekwisha kabisa. Mashimo 32 yalibaki, kete 64 zilibaki, lakini jinsi zilivyotembea hakuna aliyeweza kuionyesha kesho yake isipokuwa mafundi wenyewe, nao waliihifadhi vichwani. Katika miaka ya 1990 mtafiti wa Kiholanzi, Alex de Voogt, alikaa na mafundi wa bao wa Unguja akichunguza jinsi wanavyokokotoa na kukumbuka, na hapo ndipo wengi wa nje walipotambua ni elimu kubwa kiasi gani imekaa katika vichwa vya watu wachache. Wacheza sataranji wa Ulaya walikuwa na bahati zaidi. Wao walikwisha kuzoea kuandika mchezo hatua kwa hatua, na ndiyo maana mchezo walioucheza Adolf Anderssen na Lionel Kieseritzky mjini London tarehe 21 Juni 1851, nje ya mashindano na kwa kujiburudisha tu, mtu anaweza kuucheza upya leo mezani pake, hatua zote 23.

Nimeanza mbali kwa makusudi. Siku hizi vijana hurekodi michezo wanayoicheza kwenye kompyuta na simu, huikata na kuiunga, huitia sauti zao, kisha huipeleka kwenye chaneli zao katika intaneti ili watu wasiowajua wawatazame. Wazee wengi wa rika langu huliona jambo hili kama lililozuka jana, tena la kihuni. Mimi nimefundisha walimu kwa zaidi ya miaka 30, na nilistaafu nikiwa Mkuu wa Chuo cha Ualimu. Michezo hiyo siichezi, au tuseme naicheza vibaya mno hata wajukuu wamechoka kunicheka. Lakini jambo lenyewe lina historia ndefu kuliko wanavyodhani hata vijana wanaolifanya, na nilipoifuatilia niliikuta imejaa swali lililonishughulisha darasani maisha yangu yote: mtu anayetuonyesha kazi yake, ameacha kutuonyesha nini?

Mwanzoni hapakuwa na picha, palikuwa na alama. Mchezo wa Space Invaders, uliotolewa na kampuni ya Taito ya Japani mwaka 1978, ulionyesha juu ya kioo alama kubwa kuliko zote zilizopatikana kwenye mashine ile. Kijana aliyezipata alikuwa bingwa wa ukumbi mzima, mpaka mwenye ukumbi alipozima umeme usiku. Asubuhi alama zimefutika, na ubingwa umebaki midomoni mwa watu. Mmarekani mmoja, Walter Day, ndiye aliyelivalia njuga jambo hili. Novemba 1981 alifungua ukumbi wa mashine za michezo uitwao Twin Galaxies katika mji mdogo wa Ottumwa, jimboni Iowa, na Februari 1982 akaanza kutunza orodha ya alama za juu kutoka kumbi za mbali. Tatizo lake likawa lile la kila hakimu: nani kaona? Aliyecheza mbali alileta neno la msimamizi wa ukumbi, au picha, na baadaye kanda ya video iliyotumwa kwa posta.

Kampuni ya Activision, iliyotengeneza michezo ya kuchezea nyumbani kwa mashine za Atari, ilikuwa na mtindo wa kupendeza. Mchezaji akifikia alama zilizotajwa, alikipiga picha kioo cha televisheni yake kwa kamera ya kawaida, akaituma kwa posta, na kampuni ikamrudishia kitambaa chenye nembo cha kushona kwenye nguo. Nadhani hapa ndipo pa kuhesabia mwanzo wa ufundi wote tunaouzungumza. Mtoto amepiga magoti mbele ya televisheni, pengine ametaka taa zizimwe ili mwanga usiharibu picha, anahifadhi ushahidi wa alichokifanya kabla mashine haijazimwa.

Lakini picha moja husema kidogo sana. Mwaka 1980 kampuni hiyohiyo ilitoa mchezo wa mashindano ya magari, Dragster, ambao mbio zake hukwisha kwa sekunde chache. Mchezaji Todd Rogers aliandikiwa sekunde 5.51, rekodi iliyohesabiwa kuwa ya mwaka 1982. Ilikaa hivyo zaidi ya miongo mitatu, hata wenye vitabu vya Guinness wakaitambua kuwa ndiyo iliyodumu kuliko rekodi zote za michezo ya video. Mwaka 2017 mtaalamu aitwaye Eric Koziel aliifumua programu ya mchezo wenyewe akakokotoa kila uwezekano, na matokeo yake yakawa kwamba gari lile haliwezi kumaliza chini ya sekunde 5.57. Januari 2018 Twin Galaxies waliifuta rekodi, ingawa Rogers alishikilia kuwa aliipata kwa haki. Siingii kuamua ugomvi wao. Ninachokitazama mimi ni kwamba kwa muda wote huo hapakuwa na mtu aliyeweza kusema, "Hebu tuurudie tuone," kwa sababu hakikuwapo kitu cha kurudia.

Kitu hicho, kwa michezo ya kompyuta, kilikuja tarehe 10 Desemba 1993, tena kwa mlango ambao mtu wa nje asingeutarajia. Siku hiyo kampuni ya id Software ya Texas iliutoa mchezo wa Doom, wa mtu anayetembea ndani ya majengo ya giza akipigana na mashetani. (Wazazi walilalamika sana, na sisemi walikosea.) Ndani yake mlikuwa na uwezo wa kurekodi, lakini haikurekodiwa picha hata moja. Programu iliandika vidole. Mara 35 katika kila sekunde iliandika mchezaji amesogea kiasi gani, amegeuka kiasi gani, amebonyeza nini. Kila mara baiti 4, yaani baiti 140 kwa sekunde. Aliyetaka kutazama aliipa faili hiyo kompyuta yake, na kompyuta ikaucheza mchezo upya tangu mwanzo kwa kuvifuata vidole vile. Kwa hesabu hiyo saa nzima ya mchezo ni baiti nusu milioni hivi, na disketi moja ya kawaida ya siku zile ingebeba karibu saa tatu. Ndiyo sababu faili hizo ziliweza kusafiri kwa nyaya za simu za wakati ule, ambazo zingetaabika siku nzima na filamu fupi tu.

Mtu aliyewahi kusahihisha hesabu atauona uzuri wake. Tuliwaambia wanafunzi: onyesha njia. Jibu peke yake laweza kuwa limenakiliwa kwa jirani, lakini njia huonyesha mahali mtoto aliposita, alipofuta, alipobahatisha. Faili ya Doom ilikuwa njia tupu, bila mapambo. Tena haikukatika kwa urahisi. Ukiondoa tendo moja katikati, yote yanayofuata yanapotea shabaha: mtu aliyerekodiwa anaendelea kutembea kama kipofu, anagonga ukuta, anaipiga risasi hewa, mpaka anauawa na shetani ambaye katika mchezo wa kweli alikwisha muua. Kuanzia mwaka 1994 wachezaji wa nchi mbalimbali walikuwa wakishindana kwa faili hizo, nani amemaliza hatua ipi kwa sekunde ngapi, na aliyeshindwa aliweza kukaa na kutazama ameshindwa wapi. Kwa mwalimu, hilo la mwisho ndilo kubwa.

Katika vyuo vya ualimu tulikuwa tukilitafuta jambo hilohilo kwa njia yetu. Mwaka 1963, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Dwight Allen na wenzake walianza mtindo wa kumpa mwalimu mwanafunzi kipindi cha dakika chache mbele ya watoto wachache, huku akirekodiwa kwa video. Akimaliza anajitazama, wanamshauri, anafundisha tena. Mtindo huo ulienea duniani na kwetu ukafika, isipokuwa kamera ndiyo haikufika. Tuliwaketisha wanachuo wenyewe wawe wanafunzi wa mwenzao, na mkufunzi akakaa nyuma na daftari. Kwa miaka michache tulikuwa na redio ya kaseti yenye uwezo wa kurekodi sauti, na ile redio ilifundisha kuliko daftari zetu zote. Mwanachuo aliyejisikia kwa mara ya kwanza aliinamisha uso. "Mwalimu, ndivyo ninavyosema 'sawasawa?' kila baada ya sentensi?" Ndivyo. Na kila mmoja, bila kufundishwa na mtu, aliomba jambo moja: kanda ilipofika mahali alipokwama ubaoni na kunyamaza, alisema, "Hapo tupite." Hatukupita. Kimya kile kilikuwa somo zima, na baadhi yao waliniandikia barua miaka mingi baadaye wakakitaja.

Narudi kwenye michezo. Baada ya Doom id Software walitoa Quake, Juni 1996, nao ulikuwa na uwezo wa kurekodi, na sasa mtu aliweza kuingia ndani ya rekodi na kuibadilisha. Oktoba mwaka huohuo kikundi cha wachezaji kilichojiita United Ranger Films kilitoa filamu ya dakika moja na nusu hivi, Diary of a Camper, iliyotengenezwa kwa kuwachezesha watu wa Quake kama waigizaji. Filamu yenyewe ni ya kitoto, ila ni miongoni mwa hadithi za kwanza kabisa kusimuliwa kwa picha za mchezo wa kompyuta. Mwaka uliofuata, Juni 1997, ikaja Quake Done Quick. Wachezaji kadhaa waligawana hatua za mchezo, kila mmoja akairudia hatua yake mpaka ikakaribia ukamilifu, kisha vipande vikaungwa kuwa safari moja ya dakika 19 na sekunde 49 katika kiwango kigumu kuliko vyote. Mwaka 2000 wenzao waliishusha hadi dakika 12 na sekunde 23.

Msomaji atauliza: je, huo si udanganyifu? Hakuna binadamu aliyeucheza mchezo ule wote kwa dakika 19 siku ile. Mimi nasema hapana, na sababu yake ni moja tu: walisema. Walitangaza kuwa ni vipande, walitaja nani alicheza kipi, na faili zenyewe waliziacha wazi kwa anayetaka kuzichunguza. Baadaye mashindano yao yalitenganisha kabisa mbio za vipande na mbio za mkupuo mmoja, kama sisi tunavyotenganisha mbio za vijiti na mbio za mtu mmoja. Anayeleta vipande akidai ni mkupuo ndiye mwongo, na hao wamekuwapo wengi. Nimependa kusikia jinsi wanavyonaswa: waamuzi huacha kutazama picha, wakasikiliza. Mkono uliounga picha kwa ustadi mara nyingi husahau sauti, na pale palipokatwa muziki hurukaruka au mwangwi wa risasi hukatika kabla ya wakati wake.

Mpaka hapo bado mchezo ulirekodiwa kama mchezo. Kurekodi picha yenyewe, kama inavyoonekana kiooni, kulihitaji kompyuta zenye nguvu. Programu ya Fraps ilianza mwaka 1999 kama kipimo cha kasi ya picha tu, kisha ikajifunza kurekodi. Asiyelipa alipewa sekunde 30 na jina la programu likichorwa juu ya picha yake. Aliyelipa alipata faili kubwa za kutisha. Programu ilianza faili mpya kila ile ya kwanza ilipokaribia gigabaiti 4. Kisha, mwaka 2005, ikaja YouTube, na Machi 2006 ikaweka kikomo cha dakika 10 kwa video za watu wa kawaida. Kikomo hicho kilidumu miaka minne, hadi Julai 2010 kilipoongezwa kuwa dakika 15. Wanahistoria wa mambo haya wangefaa kukizingatia zaidi. Mchezo wa saa 20 ukipaswa kuingia katika vipande vya dakika 10, mtu halazimiki kukata tu, analazimika kufikiri akate wapi. Anajifunza kuishia pale mlango unapofunguliwa na kabla hujaona kilichomo. Hadithi za redio zilizotufanya turudi juma lililofuata zilijengwa hivyohivyo.

Kizazi cha vijana wa leo kina asili yake katika miaka hiyo. Kwenye jukwaa la Kimarekani liitwalo Something Awful, watu walikuwa wakicheza michezo na kuisimulia kwa maandishi na picha zisizotembea, wakiita kazi hiyo "Tucheze" kwa lugha yao. Mwaka 2007 mmoja wao, Michael Sawyer, alirekodi mchezo wa zamani uitwao The Immortal kwa video na kuzungumza juu yake, na anahesabiwa kuwa wa kwanza kuufanya usimulizi ule kwa sauti. Tangu hapo kilichopelekwa kwa watazamaji kilikuwa mchezo na mtu. Watu walimfuata mtu. Msweden Felix Kjellberg, ajulikanaye kwa jina la PewDiePie, ambaye kazi yake ya mwanzo ilikuwa kucheza na kupiga kelele za woga, mwaka 2019 alikuwa mtu binafsi wa kwanza kufikisha wafuasi milioni 100 katika YouTube.

Kwetu huku mtu asiseme kuwa kusemea juu ya picha zilizotengenezwa na wengine ni ugeni. Katika miaka ya 1990 vibanda vya video vya Dar es Salaam vilijaa watu waliokuja kutazama filamu za Hong Kong, India na Marekani ambazo lugha zake hawakuzijua, na palikuwa na msimulizi aliyekaa na kipaza sauti akiwaeleza kwa Kiswahili, akitania, akimpa mwigizaji jina la mtu wa mtaani. Aliyevuma kuliko wengi aliitwa Lufufu. Uganda nako walikuwa nao, na wamedumu. Watu walilipa kiingilio kwa ajili ya msimulizi, na filamu ileile ikisemewa na mwingine waliona si ile. Wajapani katika enzi ya filamu bubu walikuwa na wasimulizi wa namna hiyo, benshi, waliokuwa na majina makubwa kuliko baadhi ya waigizaji. Na ni Wajapani haohao ambao, Novemba 2003, walianza kipindi cha televisheni kiitwacho GameCenter CX, ambamo mchekeshaji Shinya Arino hupewa mchezo wa zamani aumalize. Anacheza saa nyingi mno, na kipindi hukatwa hadi muda wa kutazamika. Wahariri wake huacha ndani makosa yake yaleyale yanayorudiwa, jasho lake, wasaidizi wanaoingia kumsaidia, na siku anazoshindwa na kukata tamaa. Ningekuwa na kamera chuoni, ningewaonyesha wanachuo vipindi hivyo.

Mjukuu wangu mmoja alianzisha chaneli yake alipomaliza kidato cha nne, akingojea matokeo. Hucheza mpira wa miguu kwenye simu. Simu yenyewe hurekodi kioo, na kukata anafanya kwa programu ya CapCut, kwenye simu hiyohiyo, ameinama hadi shingo inamwuma. Sauti huiweka usiku, majogoo na pikipiki vikiwa vimelala, akiwa amejifunika blanketi ili ukuta usirudishe mwangwi. Mechi ya dakika kumi humgharimu saa tatu za kukata. Baba yake, yaani mwanangu, anaona hayo ni kuchoma bando la intaneti bure, na nyumbani pamekuwa na maneno. Mimi nilikaa naye jioni kadhaa nikiangalia, kwa kuwa nilitaka kujua anakata nini.

Alikuwa akibakiza mabao yake. Katika video moja alifunga manne, ameyapanga vizuri, na kwa kila moja sauti yake inapanda kama ya mtangazaji wa redio siku ya Simba na Yanga. Lakini pembeni ya kioo matokeo huandikwa, nayo yalisoma 1–0, kisha ghafla 2–1, kisha 4–2. Vijana wenzake wameona, nao hawana huruma. Walimwandikia kuwa ni mwongo, na wakaanza kutilia shaka hata mabao yaliyo halali. Alikasirika sana.

"Babu, hakuna anayetaka kutazama nikifungwa."

"Wangapi wamekuuliza habari ya mabao yako manne?"

Hakujibu. Wote waliouliza waliuliza juu ya yale mawili. Siku ya pili alirudisha bao moja, akaeleza jinsi beki wake alivyovutwa pembeni na nafasi ikabaki wazi, maelezo mazuri kabisa, ya mtu aliyefikiri. La pili alikataa katakata kulirudisha, akisema lile lilikuwa la aibu mno, badala yake akaandika juu ya picha kwamba hapa pamekatwa. Nilimwambia baba yake aisikilize sehemu ile ya maelezo kabla hajasema neno jingine la bando. Aliisikiliza. Maneno yamepungua nyumbani, ingawa hayajakwisha.

Wapo walioamua kutokata kabisa. Januari 2010 kundi la wachezaji wa mbio walikusanyika Marekani wakacheza mfululizo, wakionyeshwa moja kwa moja, wakichangisha fedha kwa ajili ya shirika la CARE, nao walipata zaidi ya dola 10,000. Makusanyiko yao yaliyofuata yamechangisha mamilioni. Juni 2011 ilianzishwa Twitch, kwa ajili ya kuonyesha michezo moja kwa moja, na Agosti 2014 kampuni ya Amazon ilikubali kuinunua kwa dola milioni 970. Mwaka 2012 Hugh Bailey alikuwa amekwisha itoa OBS, programu ya kurekodi na kurusha matangazo, bure kwa yeyote na maandishi yake ya ndani yakiwa wazi. Ilipotoka mashine ya PlayStation 4, Novemba 2013, ilikuwa na kitufe cha kushirikisha wengine, na yenyewe ilihifadhi dakika 15 za mwisho za mchezo bila kuambiwa. Mtoto aliyepiga magoti na kamera mbele ya televisheni angeshangaa.

Wenye michezo nao waliamka. Mwaka 2013 Nintendo walianza kuchukua mapato ya matangazo kwenye video za watu waliorekodi michezo yao. Wakaja na mpango wa kugawana mwaka 2015, wakaufuta mwishoni mwa 2018 na kuruhusu watu kwa masharti mepesi zaidi. Mwenye mchezo ana haki yake, sibishi. Lakini aliyechonga bao hakupata kudai sehemu ya sifa ya fundi aliyelichezea.

Jambo linalonisumbua zaidi ni hifadhi. Watu hudhani kilichoko katika intaneti kimehifadhiwa. Agosti 2014 Twitch walitangaza kwamba matangazo yaliyopita ya mtu wa kawaida yatakaa siku 14 kisha yafutwe, na mwezi huohuo Justin.tv, chaneli mama iliyoizaa Twitch, ilifungwa. Mwaka 2025 waliweka tena kikomo: vipande vilivyochaguliwa na kupakiwa visizidi saa 100 kwa mtu mmoja, vinavyozidi vifutwe. Wachezaji wengine walikuwa na maelfu ya saa. Kwa sababu hiyo nimemnunulia mjukuu diski ya nje, na tumekubaliana kwamba mechi nzima, zile zisizokatwa, zinaingia humo kwanza kabla ya mkasi. Bao la aibu limo.

Faili za vidole za Doom, kwa upande wake, zingali zikichezeka. Desemba 1997 id Software waliyatoa hadharani maandishi ya ndani ya mchezo ule, na tangu hapo watu wameutengeneza upya kwa kompyuta za kila aina, wakichunga kwa makini kwamba kila tendo la zamani lifuatwe lilivyokuwa. Mechi iliyorekodiwa mwaka 1994 ukiiweka leo, yule mtu hutoka kizuizini, hugeuka kushoto, husita kidogo mbele ya mlango, mahali palepale aliposita siku ile, kisha huingia.